Trela Arobaini na Moja

Shamba la Tickner,
Netherhurst, Sussex
24 Oktoba 1987

Hester mwanangu,

Simu zimekatika tangu ile dhoruba, nguzo zimelala njia nzima, kwa hiyo nimeshika kalamu, mimi ambaye mwalimu wangu alisema mkono wangu umeumbwa kwa plau tu. Usiogope. Mama yako mdogo Enid mzima, ng'ombe wazima, paa la ghala limehamia kwa jirani. Mimi mwenyewe alfajiri ile upepo uliniinua na gambuti zangu, ukanibeba kutoka zizini hadi kwenye mlango wa jikoni, nikatua kwa miguu. Pilbeam wa baa anasema ni uongo. Pilbeam alikuwa chini ya kitanda, atajuaje?

Mialoni mia mbili imeanguka. Enid anasema sitini, lakini Enid hahesabu kitu mpaka akiguse.

Sasa sikiliza. Ule mwaloni mkubwa ng'ambo ya kijito, kwenye shamba la marehemu baba yako, nao umelala. Mizizi imesimama juu kama ukuta wa kanisa, na chini yake, mwanangu, kuna duara la udongo mwekundu ulioungua mpaka umekuwa tofali, na ndani yake mavi ya chuma, yale masazo ya mawe yaliyoyeyushwa kutoa chuma, yamegandamana. Tanuri la Warumi. Miaka elfu mbili limelala pale, na aliyeliona wa kwanza ni baba yako mdogo, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Kwenye baa nimeshawaambia kwamba mtaalamu wa Warumi ni mtoto wangu na kwamba utakuja na chuo kizima.

Basi njoo usiniaibishe.

Baba yako mdogo,
Wilf Tickner


Leicester
2 Novemba 1987

Kwa Baba Mdogo Wilf,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi, na mwenzangu wa chumba akadhani nimefiwa.

Nitakuja tarehe 20 na wenzangu wanne. Usiliguse lile duara, lifunike na turubai. Siku ya pili tutapanda kijito. Ndiyo kazi yetu ilivyo: tunaingia ndani ya maji kule chini, tunapanda polepole tukiokota vipande vya mavi ya chuma, na tunaandika kila kimoja. Mvua za karne zote hizo huvishusha, lakini maji hayapandishi mawe. Pale vipande vinapokoma, unatoka kijitoni, unaangalia ukingoni, na tanuri liko hapo juu yako. Ni njia ya kitoto, lakini haijawahi kutudanganya.

Kuna jambo ambalo sijawaambia wenzangu. Vitabu vyote vya zamani vinataja kilima cheusi cha mavi ya chuma pale Netherhurst, kirefu kuliko banda la ng'ombe, na vya karibuni vinamalizia kwamba sasa hakipo. Mwalimu wangu akilisema hilo darasani hutikisa kichwa na kusema, mkulima fulani. Mimi huinamisha macho kwenye daftari. Jina letu si la watu wengi, ila bado hajaniuliza.

Unakumbuka nilivyokuwa nacheza pale? Baba alinifundisha kutofautisha jiwe na mavi ya chuma, akisema tafuta lililotiririka kama uji. Nilipokuwa na miaka tisa tulichagua vipande ishirini vizuri, tukavipaka namba kwa rangi nyeupe, tukavirudisha kila kimoja mahali pake. Halafu mtu huyohuyo akakichota chote kama takataka. Sijawahi kuelewa.

Mwanao,
Hester


Shamba la Tickner
10 Novemba 1987

Hester mwanangu,

Marahaba. Turubai nimeweka, na juu yake matairi sita, na juu ya matairi nimemfunga mbwa. Hata malkia hapiti.

Kuhusu Warumi, usidhani nimeanza juzi. Nikiwa na miaka kumi nililima na kuibua mkuki mzima, mrefu kunipita, wenye damu bado. Len alisema ni jino la haro, ile reki ya kukokotwa shambani. Kaka yangu hakuwa mtu wa kuona mbali. Je, mtaweka kibao? Watu wa Pilbeam wanauliza. Kisiwe kikubwa, jina tu na mwaka.

Kuhusu kilima, mwanangu, hayo yamepita. Len alikuwa na sababu zake, na marehemu tusimchokonoe. Na kijito mnaweza kuishia hapo kwenye mwaloni. Ukipita pale unaingia upande wangu, na kwangu hakuna kitu, ni matope na kwato za ng'ombe. Mtachafuka bure. Enid atawapikia pai ya sungura.

Baba yako mdogo,
Wilf


Leicester
30 Novemba 1987

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo, na asante kwa pai. Wenzangu bado wanasimulia jinsi ulivyomrusha fahali wa Pilbeam juu ya ua kwa mkono mmoja. Ijumaa alikuwa fahali mmoja, Jumapili wakawa wawili.

Ulikuwa umekwenda mnadani Jumapili alasiri tulipomaliza kijito, kwa hiyo hujasikia. Tuliokota vipande mpaka chini ya mwaloni, kama nilivyotarajia. Nikawaambia sasa vitakoma. Havikukoma. Tukaendelea kupanda, vikawa vingi zaidi, mpaka kwenye kivuko chako cha ng'ombe, na hapo kijito kizima ni cheusi. Juu ya kivuko, hakuna hata kimoja. Tukatoka majini tukaangalia ukingoni. Baba Mdogo, ua wako wote, kuanzia kivukoni mpaka ghalani, chini ya samadi ni mavi ya chuma. Ulisema kwako hakuna kitu. Kumbe unajishusha, jambo ambalo sijawahi kuliona kwako.

Kwa hiyo kuna matanuri mawili. La kwako ni kubwa kuliko la mwaloni. Mwalimu wangu amefurahi mno, na ripoti itachapishwa majira ya kuchipua. Tutaliita Tanuri la Tickner, na tarehe 16 Aprili tutafungua eneo kwa wageni, kibao kitakuwepo. Ni haki yako.

Nimeambatanisha karatasi moja. Ripoti lazima iseme pia ukweli wa kile kilima. Nimeandika hivi: "Kilima kiliondolewa mwaka 1979 na mwenye shamba, L. Tickner, kwa ajili ya kujazia njia." Inahitaji saini ya shahidi aliyekuwepo, na ni wewe tu uliyebaki. Najua ni kaka yako. Ni baba yangu pia. Lakini sitaki mtu aje kusema nilimficha.

Hester


Shamba la Tickner
6 Desemba 1987

Hester mwanangu,

Marahaba. Karatasi hii hapa, nimesaini. Enid ameniuliza ni karatasi ya nini nikamwambia ya kodi ya mbwa.

Baridi imeanza. Sina habari nyingine.

Wilf


Leicester
18 Januari 1988

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Hukuja kwenye simu nilipopiga Krismasi, na Mama Mdogo alisema uko nje unatengeneza ua, mara tatu alisema hivyo. Nilitaka kukushukuru kwa mdomo.

Ile saini imenifanyia jambo kubwa kuliko ripoti. Acha nikuambie, maana sina mwingine. Krismasi ya 1982, ya mwaka wangu wa kwanza chuoni, Baba aliniandikia niende nyumbani. Nilimjibu kwa kadi. Niliandika kwamba siwezi kukaa meza moja na mtu aliyechimba historia ya watu akaitupa barabarani, na kwamba namwonea aibu kila darasa. Hakujibu. Februari akafa. Nilikuja kumzika, na wewe ndiye uliyenishika mkono.

Miaka mitano nimejiuliza kama kadi ile ilikuwa ya haki. Usiku na mchana nimejiuliza. Karatasi yako ilipofika niliiweka mezani nikaiangalia, nikajiambia basi, imethibitishwa, alifanya, na sikukosea kukasirika. Nikalala vizuri kwa mara ya kwanza. Asante.

Baada ya Pasaka tutachimba mtaro mmoja uani kwako, kutafuta sakafu ya tanuri. Utakuwa mwembamba, ng'ombe wako hawatajali.

Mwanao,
Hester


Shamba la Tickner
31 Januari 1988

Hester,

Msichimbe uani. Chini ya yale mavi ya chuma hakuna tanuri, kuna majani na udongo na labda kofia yangu moja. Niliyaweka mimi.

Barua hii ni ya nne. Tatu nimezitia motoni jikoni kwa sababu kila moja ilianza vizuri na ikaishia mimi nikiwa shujaa. Hii nitaiandika haraka.

Agosti ya 1979 baba yako alikuwa hospitalini, alipasuliwa nyonga, wiki tatu. Wewe ulikuwa kwa bibi yako kule Hastings, kama kila likizo tangu mama yako afariki. Kwenye baa walikuwa wanatafuta shamba la kufanyia mashindano ya kulima ya Septemba. Unajua mashindano yale kwetu ni nini, mtu akiyapokea shambani kwake anasimuliwa mwaka mzima. Nikasema yaje kwangu. Pilbeam akacheka, akasema kwako Wilf trekta zitazama mpaka tubaki tunaona kofia za madereva. Baa nzima ikacheka. Nikasema wakaguzi waje Jumatatu, watakuta ua mkavu kama meza.

Sikuwa na kokoto. Nilikuwa na siku nne na kilima cha kaka yangu ng'ambo ya kijito.

Mavi ya chuma, mwanangu, hayana mfano kwa kujazia. Maji yanapita, gurudumu halizami. Nilichota kwa tingatinga la kukodi, nikavusha kwa trela, nikajaza kivuko kwanza ili nipite, halafu ua. Trela kumi na tano hivi. Ndiyo maana vipande vyako vilipanda kijito. Si maji yaliyovipandisha, ni mimi. Watu wakauliza kwenye baa jiwe jeusi hili umelitoa wapi. Nikasema Len ameniambia nikiondoe kilima chake, kinamharibia malisho. Hivyo ndivyo uongo ulivyozaliwa, nikiwa na bia mkononi, wala hakuna aliyenilazimisha.

Mashindano yalifanyika. Umenisikia nikisema nilikuwa wa pili. Nilikuwa wa sita kati ya saba, na wa saba plau yake ilivunjika.

Len alirudi kwa magongo. Alikwenda kwanza kule kulikokuwa na kilima, akasimama. Halafu akavuka, akaja uani kwangu, akagonga chini kwa gongo. Akasema, "Imekaa vizuri, Wilf. Haitatitia." Akaenda zake. Ningemshukuru kama angenipiga.

Siku uliyorudi nilikuwa jikoni kwenu. Uliingia ukauliza ni nani amekitoa. Mimi nilikuwa na kikombe mdomoni. Len akasema, "Mimi." Ukatoka mbio. Nikamwambia Len, mwite, nitasema. Akanijibu hivi, na maneno haya sijaongeza hata moja: "Mimi ni baba yake, atarudi. Wewe akikuchukia hatakanyaga kwako tena, na mimi nikifa hatakuwa na mtu."

Nikamaliza chai yangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko tingatinga. Niliimaliza.

Ile kadi yako aliniletea. Alisoma kwa sauti, akaikunja, akasema una mwandiko mzuri. Nikaapa nitakuandikia kabla ya mwaka mpya. Sikuandika. Alipokufa nikajiambia sasa itakusaidia nini. Na mwezi wa Desemba ukaniletea karatasi, nikaisaini, nikiwa nafikiria kibao.

Kwenye bahasha kuna kipande. Nilikiona siku ya mashindano, kiko uani, namba juu, trekta inakuja. Nikakitia mfukoni kabla hakijapondwa. Miaka minane kimekaa kwenye kopo la misumari, na kila nikitafuta msumari nageuza uso pembeni.

Nataka kuyarudisha yote. Nina trekta, nina afya. Sema neno tu, Jumatatu naanza.

Enid ameisoma hii. Amehamisha kiti chake upande wa pili wa moto.

Wilf


Leicester
27 Februari 1988

Baba Mdogo,

Namba 14 imefika. Ni mkono wa Baba, nne yake ilikuwa na mkia.

Usirudishe kitu. Kilima kilikuwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka la mwaka wake. Ukikirundika upya utakuwa uongo wa pili, na atakayekuja baada yangu atauamini.

Saini yako nimeichana. Nimekwenda kwa mwalimu wangu nikamweleza yote, ikiwa ni pamoja na kwamba huyo mkulima fulani ni wewe, na kwamba mwenye kilima alikuwa baba yangu. Tanuri ni moja. Litaitwa la Len Tickner. Mstari wa kilima utaandikwa upya, na kwa hilo nahitaji idadi. Trela kumi na tano hazitoshi. Nilikuwa napanda kile kilima, nakijua. Maisha yako yote umeongeza, na safari hii umepunguza. Hesabu tena.

Tarehe 16 Aprili utasimama mbele ya wageni useme mwenyewe. Usitie chumvi.

Vipande vilikuwa ishirini. Kumi na tisa viko uani kwako.

Hester


Shamba la Tickner
17 Aprili 1988

Hester,

Barua yako iliyopita hukuniamkia, na jana pia hukuniamkia. Sikulaumu. Uliondoka kuwahi treni kabla sijakusogelea, kwa hiyo naandika.

Ulikuwa umesimama nyuma karibu na mizizi, sijui kama uliona nyuso zao. Nilipopanda kwenye lile boksi, watu wa baa wote walijipanga mbele, Pilbeam ameleta na kiti. Walijua wanakuja kuburudika. Nikasema jina langu. Nikasema nilikiiba kilima cha kaka yangu akiwa hospitalini, kwa siku nne, trela arobaini na moja. Wakacheka. Pilbeam akapaza sauti, "Jana zilikuwa kumi, Wilf. Ongeza zifike mia twende tukanywe." "Hata mkeo hazihesabu trela zako mpaka aziguse," mwingine akasema. Wakazidi kucheka.

Sijawahi kutamani watu waniamini kiasi kile. Nikarudia. Arobaini na moja. Najua kwa sababu wakati ule nilihesabu kila safari, nilikuwa najisifu moyoni. Nikasema niliwadanganya kwenye baa ileile, nikakutaja wewe, mtoto wa Len, uliyeacha kuja nyumbani. Nilipofika kwenye kile kikombe cha chai, Pilbeam alikuwa ameshainuka kitini na amevua kofia. Hakuna aliyenipa mkono baadaye. Alinisogelea Pilbeam tu, akasema Len alikuwa akinunua bia moja na kukaa peke yake dirishani miaka ile yote, na wao ndio waliokuwa wanamnyamazia kwa ajili ya kilima. Akasema na wao wana yao ya kuonea aibu. Halafu akaondoka na kiti chake.

Wewe uliandika kitu kwenye daftari. Nilikuona ukiandika namba, tarakimu mbili. Hiyo inanitosha.

Tangu Machi nimehamisha ng'ombe. Kila asubuhi napiga magoti uani, nina brashi ya Enid ya sakafu na ndoo ya maji, nafukua hatua moja kwa siku, nasugua kila kipande pande zote kabla ya kukiweka chini. Enid alikuwa ananiangalia kutoka dirishani. Juzi alitoka na mto wa kiti akautupa karibu na magoti yangu, akarudi ndani. Mtu wa barua akiniuliza natafuta nini, namwambia. Kila anayeuliza namwambia, kwa hiyo kazi inakwenda polepole.

Nimepata namba 7. Nimepata namba 11, imevunjika, vipande vyote viwili viko. Nimepata na kimoja ambacho namba imefutika kwa magurudumu, umebaki mkia tu, lakini mkia ule naujua.

Vimebaki kumi na sita. Siongezi, sipunguzi.

Wilf